Siku Niliyoshika Picha ya Mwalimu

Katika jimbo letu la uchaguzi nimewaona wabunge wote, kuanzia yule wa kwanza, nilipokuwa mke mpya mwenye mtoto mgongoni, mpaka huyu wa sasa, ambaye kitindamimba wangu amemzidi umri. Nawajua kwa majina yao, majina ya baba zao, na majina ya waliowashinda. Huku Tezo watu wakibishana nani alimwangusha nani, hunijia mimi niwaamue. Lakini hapa sitamtaja mtu. Wengi wamekufa wakaacha watoto, na watoto hawakuwamo katika mambo haya.

Mimi shule sikwenda. Nilizaliwa Vitengeni, nikalima kwa baba, kisha nikaolewa Tezo nikalima kwa mume. Nilichojaliwa ni kukumbuka watu. Matanga yakimalizika, mama mkwe alikuwa akiniita kando: "Hebu nitajie waliokuja." Nami nawataja mmoja mmoja, kwa mpangilio walivyoingia, aliyekuja na kuku na aliyekuja mikono mitupu akaondoka ameshiba. Mama mkwe hucheka mpaka akashika mbavu. Sikuona ni kitu kikubwa. Nilidhani kila mtu yuko hivyo.

Kura yangu ya kwanza niliipiga kwa mdomo. Asiyejua kusoma alikuwa akiulizwa na karani, naye humnong'oneza jina la amtakaye. Nikanong'ona. Sijui karani yule alikuwa mzito wa masikio au alijifanya, akalirudia jina kwa sauti, chumba kizima kikasikia, na mume wangu alikuwa nyuma yangu. Kumbe yeye alikuwa upande wa pili. Njia nzima hakunisemesha. Tulipofika nyumbani akasema, "Basi mwambie huyo mbunge wako aje akupasulie kuni."

Mbunge huyo hakupasua kuni za mtu. Alituahidi maji, akaja wa pili akatuahidi maji yale yale, na wa tatu akaja na bomba, akalichimbia likatokeza kando ya barabara, likakaa kavu watoto wakalifanya filimbi. Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa na kiti wakati wa mambo ninayotaka kuyasema.

Hapo shuleni Tezo palikuwa na mwalimu, mtoto wa hapa hapa. Asubuhi akifundisha watoto, alasiri akitufundisha sisi watu wazima, yale madarasa tuliyoyaita ngumbaru. Tulikuwa wanawake wengi na wazee wachache, magoti yetu hayaingii chini ya madawati. Mwalimu hakutucheka hata siku moja. Alitufundisha hesabu za mamoja, makumi, mamia, akichora nyumba tatu ubaoni na kila tarakimu akaitia nyumbani kwake. Kisha akatufundisha kuandika majina yetu. Siku jina langu lilipotoka lote katika mstari mmoja, bila kudondoka, alilitazama akasema, "Mama, kuanzia leo dole gumba lako lipumzike." Nililia. Wenzangu wakanipigia vigelegele kama bibi harusi.

Mwalimu yule alipoacha kazi akasimama kutaka ubunge, hatukushangaa. Maneno yake yalikuwa ya ardhi. Aliuliza iweje mtu azeeke mahali alipozikwa babu yake na bado aitwe skwota. Tulikuwa maskwota wote, hakuna mwenye hati ya ardhi. Ilikuwa ikisemwa kwamba serikali itapima mashamba itugawie, skimu itafunguliwa, na orodha ya watakaopata ilikuwa kwa chifu. Na chifu alikuwa mtu wa mbunge, chanda na pete.

Wakati huo chama kilikuwa kimoja, na ukishateuliwa na chama umekwisha kuwa mbunge. Na kuteuliwa kwenyewe kulikuwa kwa mlolongo. Hapakuwa na karatasi ya kura wala sanduku. Wakala wa kila mgombea husimama uwanjani na picha yake, na wenye kadi za chama hupanga mstari mbele ya wanayemtaka, mchana kweupe, chifu anaona, jirani anaona, mkwe anaona. Karani huwahesabu, huandika, na mawakala hutia sahihi. Basi.

Wakala wa Mwalimu katika kituo chetu alikuwa mwalimu mwenzake. Siku mbili kabla, kijana wa watu akapewa barua ya uhamisho aende mbali, aondoke siku hiyo hiyo. Mwalimu mwenyewe asubuhi ile alikuwa upande wa pili wa jimbo, kwenye vituo vingine. Akatuma salamu: picha apewe mama fulani, yaani mimi. "Anasoma, na hasahau mtu."

Nikaishika. Ilikuwa imebandikwa juu ya kipande cha boksi, Mwalimu amevaa tai ya kuazima, shingo imebanwa. Picha ya mbunge ilikuwa na fremu na kioo. Watu wakaanza kuja, wakapanga mstari mbele yangu. Nilikuwa nawatazama uso kwa uso, na kila aliyefika akaingia kichwani mwangu na mahali pake. Wa kwanza alikuwa kungwi mmoja mzee, wa pili muuza samaki, wa tatu jirani yangu tuliyekuwa tukiazimana chumvi. Mstari wetu ukapita vyoo vya shule, ukazunguka, ukaenda mpaka kwenye mikorosho. Wa mbunge ulikuwa na askari wa chifu, wazee wa baraza, na watu wachache wenye sura za kusukumwa.

"Nyie wenzetu!" jirani yangu akawapigia kelele. "Mbona mstari wenu unamalizika kabla haujaanza?"

"Mmepanga foleni ya choo ninyi!" wakajibu.

Kuna mzee mmoja alitoka kwetu akaenda kwao, akatoka kwao akarudi kwetu. Wanawake wakamwambia, "Mzee, amua!" Akasema, "Natafuta penye kivuli." Watu walicheka, hata chifu akacheka. Ilikuwa asubuhi njema. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Karani akahesabu kwa kugusa mabega, na alihesabu kwa haki, kwa sauti, sote tukimfuata. Tulipita mia na tukaendelea. Kisha akaingia darasani kuandika, na mawakala tukaitwa. Lilikuwa darasa letu la ngumbaru.

Karatasi ilikuwa juu ya meza. Nikaisoma. Mbele ya jina la mbunge palikuwa na tarakimu tatu. Mbele ya jina la Mwalimu palikuwa na mbili. Nyumba ya mamia ilikuwa tupu.

"Karani," nikasema, "umesahau tarakimu moja."

Karani akainama. Aliyejibu ni chifu, alikuwa amesimama dirishani. "Hajasahau, mama."

"Mbona tumehesabu sote—"

"Mama," akasema, polepole, kwa adabu kabisa, "orodha ya mashamba ya skimu iko mezani kwangu. Jina la mzee wako limo. Limeandikwa kwa penseli."

Wakala wa mbunge akatia sahihi yake akatoka. Karani akanisogezea kidau cha wino, nibonyeze dole gumba. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Naandika mwenyewe."

Nikachukua kalamu nikaandika jina langu lote katika mstari mmoja. Wangelichukua dole langu kwa nguvu ningekuwa na la kusema. Hawakunigusa. Nilikuwa na watoto sita na mume asiye na hata kiwanja cha kaburi, nikayafikiria hayo, nikaandika. Na ndani ya hofu ile palikuwa na kitu kidogo cha majivuno, kwamba karani aone najua kuandika. Hicho ndicho sikuweza kumwambia mtu kwa miaka mingi.

Nje watu waliniuliza, "Imekuwaje?"

"Wameandika," nikajibu.

Siku ya tatu Mwalimu alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa ametoka kwa mkuu wa tarafa, ameonyeshwa karatasi. Vituo vingine alishindwa hapa akashinda pale, lakini kituo cha kwao, nyumbani kwao, karatasi ilisema watu walimkataa. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Sahihi ile ni yako?"

"Ni yangu, Mwalimu."

"Uliisoma karatasi kabla?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kumwambia yote. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye gogo akichonga mpini, watoto wanakula. Nikasema, "Niliisoma."

Akatikisa kichwa. "Lingekuwa dole gumba ningebisha," akasema. "Lakini nimekufundisha mwenyewe."

Watu walimwendea wakamwambia, Mwalimu, tulikuwa wengi, tulizunguka vyoo tukafika kwenye mikorosho. Akawajibu kwamba kila aliyeshindwa huambiwa hivyo na kila mtu husema alikuwamo. Kabla ya mwezi kuisha alihama na mkewe na mtoto wao, wakaenda Malindi, Muyeye. Kazi ya serikali hakuipata tena. Akawa anafundisha watoto wa watu majumbani na kuwaandikia watu barua za ofisini.

Sisi tulipata shamba. Jina la mume wangu likatoka kwenye penseli likaingia kwenye wino. Tukapanda minazi na mikorosho, tukajenga, tukasomesha. Mume wangu alikufa akazikwa hapo, na hakuwahi kujua. Alifikiri ni bahati yake.

Uchaguzi uliofuata ulikuja na vyama vingi, na kura ikarudi kuwa siri. Tukapewa karatasi zenye picha, sanduku likarudi, vidole vikachovywa wino. Mbunge wa bomba kavu alianguka kwa kishindo, watu wakamzomea kwa madebe njia nzima. Aliyemrithi alikaa sana, kisha jimbo likakatwa, sehemu ikaenda kwingine, tukaanza kuhesabu wabunge upya. Sasa kuna mashine ya kusoma vidole. Mara ya mwisho ilikataa vyangu vyote, jembe limevisugua, karani akahangaika akaishia kunitafuta kitabuni. Mara zote hizo nikisimama kwenye foleni, huwa najikuta nawapanga kichwani watu wa foleni ile nyingine. Kila mwaka wanapungua.

Mwalimu hakurudi. Alikuja mara moja kumzika mamake, akatupa udongo wake, akaondoka chakula hakijapakuliwa. Chifu naye alistaafu. Tukikutana aliniamkia kwa heshima kuliko mtu yeyote, akauliza hali ya minazi. Amekufa zamani.

Mwaka jana, asubuhi moja, alikuja binti yake Mwalimu. Aliondoka hapa mtoto mdogo, sasa ni mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. "Shikamoo, hawe," akasema, kama tunavyowaita nyanya kwetu. Nilipomwitikia akaketi mkekani akaanza kulia kabla ya kusema.

Babake alikuwa mgonjwa, na madaktari walikuwa wamesema wazi. Naye alikuwa amekwisha kutoa wosia: azikwe makaburi ya mji, Malindi. Asiletwe Tezo.

"Mamake yuko hapa, babake yuko hapa," binti akasema. "Mimi nitamlaza vipi kati ya watu asiowajua? Nikimwambia, ananijibu: walinikataa nikiwa na miguu, wasinipokee nikiwa ndani ya sanduku."

Nikamsogezea maji ya kunywa.

"Hawe, watu husema wewe unakumbuka kila mtu. Husema siku ile mlikuwa wengi. Nenda umwambie. Wewe atakusikia."

Hakujua kilichokuwa kwenye karatasi. Babake hakumwambia sahihi ilikuwa ya nani. Miaka yote ile alinisitiri. Hilo lilinivunja kuliko kama angenitukana kila soko.

Mwanangu mkubwa, tunayekaa naye, alikuwa amesikia. Binti alipoondoka nilimweleza yote, na alikuwa mtu wa kwanza kuelezwa. Akasema, "Usiende, mama."

"Kwa nini?"

"Watu watasema shamba hili tulilipata kwa njia gani?"

"Watasema lililokuwa."

"Wewe utasema ufe, utuache nalo. Wanangu ndio watakaotajwa njiani. Yeye mwenyewe anakufa, mwache na yake."

Sikuweza kumlaumu. Niliyaandika yale kwa ajili ya matumbo yao, na sasa nilikuwa nataka kuyafuta bila kuwauliza. Siku mbili sikula vizuri. Lakini kila nikifikiri juu ya Mwalimu kulala Malindi kwa sababu ya jina langu, naona mwanangu atatajwa njiani na ataendelea kutembea, lakini aliyezikwa ugenini harudi. Siku ya tatu nilivaa leso safi nikaenda Muyeye.

Alikuwa amelazwa kwenye kitanda barazani, amekonda, miwani imekuwa kubwa kuliko uso. "Shikamoo, Mwalimu," nikasema, kama tulivyokuwa tukimwamkia darasani.

"Marahaba." Akanitazama. "Mwanafunzi wangu. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukutajia watu."

Nikaanza na yule kungwi. Nikamtaja muuza samaki, nikamtaja jirani yangu, nikaendelea. Nilitaja jina la mtu, la babake, na mahali aliposimama. Mwanzoni alifunga macho nikadhani amechoka. Nilipofika kwenye kona ya vyoo akayafungua.

"Huyo hakuwa na kadi," akasema.

"Alikuwa nayo. Fomu ulimjazia wewe."

"Ah. Kweli." Kidogo akacheka, cheko likageuka kikohozi, binti akaja mbio akamwinua. "Mwache aendelee," akamwambia binti.

Nilimtajia mpaka kwenye mikorosho, na wale wa kwenye mikorosho. Nilimtajia na mzee wa kivuli, kwamba mwisho wake alisimama kwetu. Binti alileta chai ikapoa, akaleta nyingine. Nilipomaliza, majirani walisikika wakitwanga.

"Walipita mia," akasema.

"Walipita."

"Na karatasi?"

"Ilikosa tarakimu. Niliiona. Niliandika jina langu nikiwa naiona. Chifu alikuwa na orodha ya mashamba."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Sikumtazama.

Mwalimu alivua miwani. Kisha akasema, bila hasira, na ingekuwa afadhali hasira, "Ungeniambia siku ile nilipokuja kwako. Ningekuelewa. Watoto sita. Nisingepata ubunge, lakini ningebaki kwangu. Ningekula matanga ya ndugu zangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Watu hao uliowataja walikuja kuniambia nami nikawaita waongo. Nikawanyima salamu mpaka wakafa."

Nikasema, "Nisamehe."

Akamgeukia binti. "Nikifa nipelekeni nyumbani. Waliobaki katika hao, hata kama wanatembea kwa fimbo, wao ndio wanitangulie." Kisha akanielekea mimi. "Na wewe, mama, usije."

"Baba!" binti akasema.

"Asije. Nimemsikia, na nimemshukuru kwa kuja leo. Siku ile nataka kuwa na wao tu."

Nikaitika. Kwetu kutokwenda kuzika ni jambo zito, mtu husema bora ufumaniwe ukiiba. Lakini nilikuwa nimekwenda kutafuta yeye arudi kwao, na alikuwa amekubali. Nilinyanyuka nikamuaga kwa mkono, akanipa wake, ulikuwa mwepesi kama karatasi.

Alikufa mwezi wa pili baada ya siku hiyo. Wakamleta. Tezo yote ilihama kwenda kwao, na kutoka kwangu nilisikia ngoma za kilio na nyimbo za kanisa zikipishana. Jirani yangu, yule wa tatu katika mstari, sasa naye ni bibi kizee mwenye fimbo, alinipitia.

"Haya twende. Mbona hujajifunga leso?"

"Siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Alinikataza."

Akaniangalia kama niliyeanza kurukwa na akili. "Mwalimu? Akukataze wewe, uliyemshikia picha?"

Nikamwambia. Tulikuwa tumesimama kwenye ua, mwanangu yuko nyuma yangu anasikia, na nilimwambia yote, penseli na kalamu, mpaka lile la kutaka karani aone najua kuandika. Alisikiliza ameegemea fimbo yake. Nilipomaliza akatazama mikorosho yangu, akatazama nyumba, akakaza leso yake kifuani.

"Tulisimama jua lile lote," akasema, akaenda zake.

Mwanangu alinipita, akaenda kuzika. Nilifurahi kwamba alikwenda. Nilikaa mlangoni mpaka watu wakaanza kurudi, na nilivyowaona wanavyopita nilijua habari imekwisha kuwafikia. Wengine waliniamkia. Wengine walitazama upande wa pili wa barabara.

Kesho yake asubuhi jirani yangu alirudi. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, miguu bado ina udongo mwekundu.

"Amelazwa upande wa mamake," akasema. "Nimeona nikwambie."

Nikamshukuru. Nikamwonyesha kiti. Akakitazama, akasema ana maharage motoni, akaondoka polepole na fimbo yake.